Presha ya Kupanda na Presha ya Kushuka kwa Mtu Mmoja

Katika maongezi yetu ya kila siku watu wa presha wamegawanywa makundi mawili. Huyu ana presha ya kupanda, yule ana presha ya kushuka. Ukishapewa kundi lako unakaa nalo maisha yako yote: wa kupanda apunguze chumvi, wa kushuka anywe soda na alambe chumvi. Mgawanyo huu umezoeleka hivi kwamba mgonjwa akifika kliniki hujitambulisha nao kabla hata hajapimwa.

Nauona ni mgawanyo unaoumiza watu. Wapo wazee, na wapo wagonjwa wa kisukari, ambao presha yao ni ya kupanda wakiwa wamelala na ni ya kushuka wakisimama. Ni mtu yule yule, siku ile ile, ndani ya dakika tatu. Akipimwa ameketi kwenye kiti, kama wanavyopimwa karibu wote, anaonekana wa kupanda tu. Anaongezewa dawa, anarudi nyumbani, na alfajiri moja anaanguka mlangoni mwa choo na kuvunjika nyonga. Watu watasema aliteleza.

Ili kuona kosa liko wapi, inabidi tutazame mwili unafanya nini pale mtu anapoinuka. Mtu mzima akisimama, takriban nusu lita ya damu, na mara nyingi zaidi, huteremka kutoka kifuani kwenda kwenye mishipa ya tumbo, mapaja na miguu, na sehemu kubwa ya mteremko huo hutokea katika sekunde 10 hivi za kwanza. Hakuna ugonjwa hapo, ni uzito wa kimiminika tu. Kila sentimita 13 unazopanda juu ya moyo, presha ndani ya mshipa wa damu hupungua kwa takriban milimita 10 za zebaki, kipimo kile kile kinachosomwa kwenye mashine ya presha. Kichwa cha mtu aliyesimama kiko kama sentimita 30 juu ya moyo, kwa hiyo ubongo unapokea presha pungufu kwa milimita 23 hivi kuliko ile inayosomwa mkononi. Na ubongo hauna akiba: damu ikikatika kabisa, fahamu hupotea ndani ya sekunde 6 hadi 8.

Kwa hesabu hiyo kila mmoja wetu angestahili kuzimia kila anapoamka. Hatuzimii kwa sababu kuna kazi inafanyika bila kuombwa.

Weka vidole viwili chini kidogo ya pembe ya taya, pale panapopiga. Hapo mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kichwani unagawanyika, na penye panda ya mgawanyiko ukuta wake umetanuka kidogo na kujaa ncha za neva, yaani mishipa ya fahamu. Ncha hizo zinahisi kitu kimoja tu: kuvutwa. Presha ikipanda ukuta unatanuka na ncha zinatuma ishara kwa wingi. Presha ikishuka ukuta unalegea na ishara zinapungua. Kuna kituo kingine cha aina hiyo kwenye tao la mshipa mkuu unaotoka moyoni. Habari za vituo hivi viwili hupanda kwa neva ya ubongo ya 9 na ya 10 hadi sehemu ya chini ya shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Hapo ndipo uamuzi unapotolewa, na hauhitaji wewe uwe macho wala uwe na nia.

Uamuzi wa kwanza ni kulegeza breki. Moyo wa kijana ukiachwa peke yake, bila neva yoyote, hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Waliopandikizwa moyo wanalionyesha hilo wazi, kwa kuwa moyo mpya hufika umekatwa neva zake na hukaa kwenye mapigo 90 hadi 110 hata mtu akiwa amepumzika. Sisi wengine tunaishi kwenye 60 au 70 kwa sababu neva ya 10, iitwayo vagasi, inaukandamiza moyo muda wote. Jina lake ni la Kilatini lenye maana ya mzururaji, na ni kweli inazurura: inatoka kwenye shina la ubongo, inapita shingoni, inafika moyoni, mapafuni, tumboni na sehemu kubwa ya utumbo. Unaposimama, shina la ubongo hupunguza amri za vagasi, na moyo hujibu ndani ya pigo moja au mawili.

Unaweza kuigusa kazi ya neva hii sasa hivi. Kaa, shika mapigo yako kwenye kifundo cha mkono, kisha vuta pumzi polepole kwa sekunde 5 na uitoe kwa sekunde 5. Wakati wa kuvuta mapigo yanaharakisha, wakati wa kutoa yanapoa. Kwa kijana mwenye afya, tofauti kati ya mapigo ya juu na ya chini kwenye zoezi hili, likipimwa kwa mashine ya moyo, ni 15 kwa dakika au zaidi. Tofauti hiyo hupungua kadiri umri unavyosogea, lakini kwa mtu wa makamo mwenye kisukari ambaye mapigo yake hayabadiliki kabisa, vuta asivute, kuna sababu ya kushuku kwamba vagasi yake imeanza kufa.

Uamuzi wa pili ni kukaza mabomba. Amri hii hupita njia nyingine, inashuka uti wa mgongo na kutokea usawa wa kifua hadi kiunoni juu. Ndiyo njia ya neva za simpathetiki, zile zile zinazosimamisha nywele za malaika unapostuka na kukausha mate kabla hujahutubia. Zikifika kwenye mishipa ya damu humwaga kemikali ya noradrenalini, na misuli myembamba iliyozunguka mishipa hukaza. Hii haiji papo hapo kama vagasi, huchukua sekunde kadhaa, na ndiyo maana hata mtu mzima wa afya akiinuka ghafla baada ya kuchuchumaa muda mrefu huona giza kidogo kisha likaondoka. Pengo hilo ni ule muda ambao breki imeshalegezwa lakini mabomba hayajakaza.

Hapa lugha yetu inatutega kidogo. Neno mshipa tunalitumia kwa bomba la damu, kwa neva, hata kwa ukano wa misuli. Mgonjwa akiambiwa "mishipa yako imeharibika kwa sukari" anaelewa damu haipiti. Mara nyingi kilichoharibika kwanza ni mishipa ya fahamu, na bomba la damu lipo zima ila halipati amri ya kukaza. Wahudumu wa afya wakisema neva, au mshipa wa fahamu, bila kukata maneno, mgonjwa atafahamu kwa nini presha yake inaanguka ilhali alishaambiwa iko juu.

Kwamba neva huzungumza kwa kemikali lilithibitishwa mwaka 1921 huko Graz, Austria. Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura, akausisimua mmoja kupitia vagasi hadi ukapunguza mwendo, kisha akahamisha majimaji yake kwenye moyo wa pili. Wa pili nao ukapunguza mwendo, wakati neva yake haikuguswa. Kemikali hiyo ni asetilikolini, na Loewi aligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1936 na Henry Dale wa Uingereza. Habari hii ina uzito kwetu kwa sababu moja: kama neva zinasema kwa kemikali, basi kidonge unachomeza kinaweza kuingilia maongezi yao, hata kama kimeandikwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa.

Mzee wa miaka 70 anakojoa kwa shida, anapewa dawa ya tezi dume kama tamsulosin au prazosin. Dawa hizi zinalegeza misuli ya shingo ya kibofu kwa kuziba pale noradrenalini inapopaswa kutua. Prazosin huziba pahala hapo hapo kwenye mishipa ya damu pia. Tamsulosin huchagua zaidi kibofu na tezi, lakini haiachi mishipa ya damu bila kuigusa. Mzee huyo huyo ana presha ya kupanda na anameza dawa ya kukojoza, kwa hiyo damu yenyewe imepungua maji. Ana maumivu ya miguu yanayowaka moto, kapewa amitriptyline usiku, nayo inaongeza kulegea. Dawa tatu, kila moja na sababu yake halali, huenda kutoka kwa wahudumu watatu. Anaamka saa tisa usiku kwenda kukojoa. Amelala muda mrefu, damu imezoea ulalo. Anasimama, anakojoa wima, na kibofu kikimwagika presha hushuka zaidi. Pale chooni ndipo anapokutwa chini.

Kisukari kina njia yake. Sukari ikikaa juu kwa miaka, neva huharibika kuanzia zile ndefu. Vidole vya miguu hufa ganzi mapema kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo vagasi, ambayo ni ndefu mno, huguswa mapema miongoni mwa neva za ndani. Dalili yake ya kwanza huwa haisumbui: mapigo ya moyo yanakaa juu muda wote, 90, 100, hata mtu akiwa amelala. Breki imechoka. Baadaye zinafuata neva za mishipa ya damu, na hapo presha huanza kuanguka mtu akisimama. Tumbo linachelewa kumwaga chakula, mgonjwa anashiba kwa matonge machache na kutapika chakula cha jana. Nyayo zinaacha kutoa jasho, ngozi inakauka na kupasuka, na mpasuko huo ni mlango wa kidonda. Mbaya kuliko yote, sukari ikishuka mno, yaani chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mwili hautoi tena onyo la kutetemeka, moyo kwenda mbio na jasho jembamba. Mgonjwa anatoka kwenye mazungumzo ya kawaida hadi kuchanganyikiwa bila hatua ya kati. Ambaye neva zake ni nzima lakini anameza propranolol, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, hupoteza mtetemeko na mbio za moyo, ila jasho hubaki, kwa kuwa tezi za jasho zinaamriwa na asetilikolini, na propranolol haigusi kemikali hiyo. Kwa mgonjwa wa namna hii jasho la ghafla lisipuuzwe hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Utaratibu hauhitaji mashine mpya. Mgonjwa alale chali dakika 5 kwa utulivu. Mpime presha na mapigo, uandike. Asimame, mkanda ukiwa kwenye mkono ule ule. Mpime tena baada ya dakika 1, na tena baada ya dakika 3. Wakati amesimama mkono ushikiliwe usawa wa moyo, kwenye meza ndefu au bega la msaidizi, kwa sababu mkono ukining'inia mashine itasoma juu kuliko ukweli na itaficha tatizo lenyewe unalolitafuta. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, huyo presha yake inaanguka akisimama, hata kama hakuhisi kizunguzungu. Wengi hawahisi. Husema tu miguu inalegea, au shingo na mabega yanauma wakisimama na kupoa wakilala. Asiyeweza kulala chali apimwe ameketi kisha amesimama, na hapo mshuko wa 15 kwa namba ya juu au 7 kwa ya chini unatosha kuleta wasiwasi.

Mapigo ya moyo ndiyo yanayosema kosa liko wapi, na ndiyo yanayosahaulika kuandikwa. Chukua mfano wa mama mwenye 160/90 amelala, mapigo 78. Dakika ya 3 amesimama ana 118/70, mapigo 82. Namba ya juu imeanguka kwa 42, moyo umeongeza mapigo 4 tu. Gawanya ongezeko la mapigo kwa mshuko wa presha: 4 kwa 42 ni karibu 0.1. Ikiwa chini ya 0.5, neva ndizo zinazoshukiwa, kwa sababu moyo mzima wenye neva nzima ungekimbia kufidia anguko kubwa namna hiyo. Ingekuwa presha imeanguka vile vile lakini mapigo yamepanda kutoka 78 hadi 112, ungetafuta upungufu wa maji, kuharisha, kutoka damu, au dawa ya kukojoza iliyozidi. Hesabu hii haifai kwa anayemeza dawa za kupunguza mapigo kama atenolol, wala kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio.

Najua pingamizi. Zahanati yenye muuguzi mmoja na foleni ya watu tangu saa kumi na mbili asubuhi haina kitanda cha kumlaza kila mtu dakika 5. Ni kweli, na hakuna haja ya kumlaza kila mtu. Walazwe waliowahi kuanguka au kuona giza, wenye kisukari cha miaka mingi, wenye ugonjwa wa Parkinson, wazee wanaomeza dawa ya tezi dume au dawa za usingizi na sonona, na yeyote anayetaka kuongezewa dawa ya presha akiwa na zaidi ya miaka 65. Hata hao wakiwa wengi, wanaweza kupimwa nyumbani kwa mashine ya kidijitali ya mkono wa juu, mtoto au mjukuu akiandika. Asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai ndiyo saa bora, maana usiku figo zimetoa maji mengi na anguko ni kubwa kuliko mchana.

Jibu la vipimo hivyo si kuacha dawa za presha. Hili lisisitizwe, kwa kuwa ndilo kosa la kwanza watu hukimbilia. Presha ya kupanda isiyotibiwa hufanya mishipa ya shingo iwe migumu, na ukuta mgumu hautanuki wala kulegea vizuri, kwa hiyo vituo vya kuhisi vinakuwa viziwi. Kuiacha ni kuongeza tatizo lile lile. Kinachotakiwa ni mtabibu apitie orodha yote ya dawa, siyo za presha peke yake, na kuona ipi iondolewe, ipi ibadilishwe, ipi ihamishiwe saa nyingine. Dawa za presha za kundi la losartan au la enalapril kwa kawaida haziangushi presha ya kusimama kama zinavyofanya prazosin na dawa za kukojoza. Mgonjwa aende na vidonge vyote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na vile vya dukani na vya mitishamba.

Mengine yanafanyika nyumbani. Kabla ya kuinuka, akae ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, apige miguu kama anayekanyaga cherehani, ndipo asimame akishika kitu. Misuli ya vigimbi ni pampu: kila ikikaza inasukuma damu ya miguuni kurudi juu. Askari wa gwaride na mwanafunzi wa mstarini wanaanguka kwa sababu wamesimama kwenye jua magoti yamekazwa na pampu hiyo imelala. Kizunguzungu kikianza akiwa amesimama, avuke miguu kama mkasi na kukaza mapaja na makalio, au achuchumae. Glasi mbili za maji, takriban nusu lita, zikinywewa kwa mkupuo, hupandisha presha ndani ya dakika chache kwa wenye neva zilizoharibika, na msaada wake hudumu kwa saa moja hivi. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza. Mlo mkubwa wa ugali au wali huvuta damu tumboni na kuishusha presha kwa hadi saa 2, kwa hiyo matonge machache mara nyingi yanamfaa kuliko sahani moja iliyojaa. Upande wa kichwani wa kitanda uinuliwe kwa matofali, sentimita 15 hadi 20, ili presha ya usiku isipande mno na figo zisitoe maji mengi. Anayeswali na kuona giza anapotoka sijda aswali ameketi hadi apimwe. Sheria ya swala inamruhusu asiyeweza kusimama.

Na mtu akishazimia, tuache kumwinua. Ndiyo huduma ya kwanza tunayoikosea zaidi, msibani, kanisani, kwenye daladala iliyojaa: watu wanne wanamshika makwapa, wanamketisha, mmoja anampepea, mwingine anamtilia soda mdomoni. Kuanguka chini kulikuwa kunausaidia mwili, kwa kuwa kichwa kimefika usawa wa moyo na damu inarudi yenyewe. Ukimwinua unaikata tena. Ubongo ukizidi kukosa damu mikono na miguu huanza kurukaruka, na kifuatacho utasikia ana kifafa, au ana pepo. Mlaze chali pale pale, inua miguu juu ya kiti, legeza mkanda na kola, usimpe chochote cha kumeza. Aliyezimia kwa presha kushuka hurudi ndani ya dakika moja au pungufu na anajua alipo. Akikawia zaidi ya hapo, akiwa amezimia katikati ya kukimbia, akilalamika kifua, au ana mimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akirudi nyumbani, mstari wa kwanza wa daftari lake uwe na namba tatu, na mbele ya kila moja iandikwe ilipimwaje: amelala, dakika ya 1, dakika ya 3. Mapigo pembeni.